Siku ya Kutoa Mazulia, Kutandika Mikeka

Enzi zetu, sisi tuliokulia Izki, kule Omani, hatukuwa na simu ya kututangazia hali ya hewa. Baridi ilikwisha siku Mama alipojifunga kanga kiunoni na kusema, "Haya, inukeni juu ya zulia!" Ukichelewa, unakunjwa nalo.

Mazulia ya baridi yalikuwa ya sufu, mazito kupita kiasi. Mimi na dada zangu tuliyaburura mpaka kwenye falaji, mfereji wa maji ya mji, chini kabisa, mbali na pale watu wanapoteka maji ya kunywa, maana ukifulia juu ya pale utasikia maneno mpaka Idi. Kazi yetu ilikuwa kuyakanyaga. Povu hadi magotini, tunateleza, tunaanguka, tunacheka, na Mama anapiga kelele kwamba kaja kufua mazulia, hakuja kufua watoto. Yakishakauka juu ya ukuta wa shamba la mitende la watu, tuliyapiga fimbo mpaka vumbi la mwaka mzima lituingie puani. Kisha Mama aliyakunja na kutia karafuu ndani yake ili nondo wasiyale. Wiki nzima tulikwenda skuli tukinukia pilau.

Ndipo ikatoka mikeka. Ilikuwa ya ukindu, imesukwa Pemba kwa rangi nyekundu na zambarau, na Mama alikuja nayo kutoka Unguja tulipohamia Omani. Wenzake walificha dhahabu kwenye mizigo, yeye alibeba mikeka. Ukilala juu yake mchana wa joto, ubaridi wa sakafu unakupanda mgongoni, na ukiamka una michirizi shavuni.

Sasa, mwaka wetu wa kwanza mtaani tulikuwa bado wageni. Kwa wenyeji wa Izki mkeka ni wa kuanikia tende, mtu hamkaribishi mgeni juu yake. Jirani yetu, Ummu Saidi, alichungulia ukumbini, akaona mazulia hayapo na sakafu imetandikwa vitu vya tende. Alasiri wakaja wanawe wawili na zulia zima kichwani. "Mama anasema msione haya," mkubwa wao alisema kwa Kiarabu. "Hali za watu hugeuka."

Mama alitabasamu, akashukuru kwa Kiarabu chake cha mjini Unguja, akafunga mlango. Kisha akakaa chini akalia. "Wametwita Wazanzibari, kama si watu wa hapa, hilo nimelimeza," alisema. "Leo na mafakiri?" Nilikuwa mdogo, lakini iliniuma sana. Kulirudisha lile zulia ilikuwa matusi. Kulitandika ilikuwa kukubali kwamba hatuna kitu. Na nyumba iliyoonewa huruma watu huiletea sadaka, hawaiendei kupiga soga.

Kesho yake Mama aliamkia vitumbua. Akawaalika majirani wote kwa kahawa, akawakalisha juu ya mikeka, marhaba, marhaba, kama vile hapana lililotokea. Ummu Saidi alikaa upande upande, anaogopa kuponda tende ambazo hazipo. Kisha ubaridi ukampata. Akanyoosha mguu mmoja. Akanyoosha wa pili. Vitumbua havijesha, bibi kalala chali, anakoroma mbele za watu. Mama akamfunika kanga, na sijapata kumwona amefurahi vile. Zulia lilirudi kwa mwenyewe limekunjwa na karafuu zake, na tangu hapo, baridi ikianza tu kulegea, mtu wa kwanza kupiga hodi ni yeye: "Ummu Zuwena, mikeka lini?"

Leo mimi Zuwena nina nyumba yangu, mtaa mpya nje ya mji wa Nizwa, ukuta mrefu, marumaru kila chumba. Mama nakaa naye. Mwaka huu binti yangu alitangaza kwamba anaibadilisha nyumba kwa ajili ya majira mapya. Sikuona kanga kiunoni wala povu. Alibonyeza simu, akaletewa vizulia vyembamba vyenye rangi ya maziwa, ambavyo haturuhusiwi kunywa chai karibu yavyo. Hao ndio watoto wetu: nje jua linakaanga mayai, ndani wamewasha eyasi mpaka wanavaa soksi. Na mkeka wa mwisho wa Mama? Kautundika ukutani, akaupiga picha.

Mama alipouona akauliza, "Kwani umekosa nini hata ukatundikwa?"

Binti aliona haya, akauteremsha mwenyewe, akautandika ukumbini. Magoti ya Mama hayashuki tena chini, kwa hivyo tulimwekea kiti, akavua viatu, akaukanyaga kwa nyayo zake tupu. Akafumba macho. Kisha akauliza, "Na majirani, washaona?"

Miaka yote hii mtaani, gari zao nazijua kwa rangi, nyuso zao sizijui. Hata ukumbi wangu ungekuwa mtupu, hapana ambaye angejua, seuze kuniletea zulia.

"Bado, Mama."

"Basi wacheni mlango wazi."

Tukauacha wazi. Binti alinung'unika kwamba baridi ya eyasi inatoka bure, nikamnyamazisha kwa jicho. Mama alikaa pale na dele ya kahawa na vikombe, uso ameuelekeza mlangoni, mpaka Magharibi. Joto liliingia. Jirani hakuingia hata mmoja.