Maombi Yaliyopotea Njia, na Dada Aliyeyafuata

Jumanne asubuhi nilisoma kwenye kundi la simu la kanisa letu, hapa Johannesburg, kwamba yule dada Mkenya wa kompyuta amefariki nyumbani kwake Troyeville. Jirani ndiye aliyemkuta. Chini ya tangazo hilo mtu aliuliza, "Ni yupi huyo?" na hakuna aliyemjibu kwa muda mrefu. Swali lile liliniuma, kwa sababu alisali nasi kwa miaka mingi, na mimi mwenyewe sikujua kama ana ndugu hata mmoja katika mji huu.

Wasomaji wangu, nivumilieni nieleze kazi yake, maana bila kazi hiyo hamtamwelewa. Kampuni yake ilikuwa na mfumo ambao wagonjwa huutumia kuomba dawa zao za kila mwezi kwa simu, naye alisimamia seva, yaani kompyuta kuu, inayoyapokea maombi hayo. Siku moja alinipa lifti baada ya ibada, nikamuuliza anafanya nini hasa. "Kaka, simu ya mgonjwa haijui duka la dawa liko wapi," akasema. "Inaijua seva yangu tu. Seva inasoma ombi, inaona ni la kliniki gani, inatazama orodha niliyoiandika, kisha inalipeleka kwenye huduma inayohusika. Jibu likirudi, inampa yuleyule aliyeomba." Nikamuuliza kama ni kazi ngumu. Akasema si ngumu, ila haitaki kukosea.

Akakosea. Nasema hivyo kwa sababu yeye mwenyewe ndivyo alivyosema. Jumapili moja mama mmoja Mkongo, msusi anayeishi Alexandra, alimfuata nje ya kanisa na simu mkononi. "Dada, natumaka ombi, wanaitika 'tumepokea', lakini dawa haifike. Sasa ni wiki ya tatu." Dada yetu aliisoma ile simu, akanakili namba ya ombi, na kesho yake akaenda kulitafuta. Kumbe kliniki ya mama yule ilikuwa imehamishiwa kwenye huduma mpya, na katika kubadilisha ile orodha alisahau mstari mmoja. Maombi yote ya pale yaliendelea kupelekwa kwenye huduma ya zamani. Ilikuwa bado imewashwa, ikimjibu kila mtu kwamba imepokea, ilhali hakuna mfamasia aliyekuwa akiitazama tena.

Kurekebisha mstari kulimchukua dakika chache, na angeweza kuishia hapo. Badala yake aliwaandikia wakubwa wake kwamba kosa ni lake, akaomba majina ya wote ambao maombi yao yalipotea, akaanza kuwapigia simu mmoja mmoja. Wengi walimshukuru. Simu moja ilipokelewa na binti, akamwambia kwamba baba yake, mgonjwa wa presha, alizikwa Jumamosi iliyotangulia.

Aliniomba nimsindikize nyumbani kwa binti huyo, Alexandra, nikaenda. Tulikaa kwenye viti vya plastiki mbele ya chumba chao, naye akamweleza binti yule jambo lote, bila kujificha nyuma ya maneno ya kompyuta. Binti akamuuliza, "Kwa hiyo angezipata dawa angekuwa hai?" Dada akajibu, "Sijui. Daktari naye hajui. Ila aliomba mara mbili, na mimi ndiye niliyefanya asisikike." Binti akasema angependa tuondoke, na tukaondoka.

Kazini walimpa barua ya onyo na kumhamishia meza nyingine, ya kuandaa ripoti. Wenzake, aliniambia, waliacha kula naye chakula cha mchana, kwa kuwa kukiri kwake kwa maandishi kulikuwa kumewafanya wote wakaguliwe. Sisi kanisani tulimsifu wiki mbili hivi. Tulimwambia kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa, tukaona tumemaliza kazi ya kumfariji. Alinipigia mara kadhaa baada ya hapo. Mara ya mwisho alisema amepika ugali na mboga za kienyeji, nipite kama nina nafasi. Nilisema nitapita, ila sikupita. Nilikuwa na makala ya kumalizia, nayo sasa hata siikumbuki ilihusu nini.

Siku hizi mambo yetu mengi yamo mikononi mwa watu tusiowaona, na tunadai wawe waaminifu. Ni haki yetu kudai. Lakini uaminifu una gharama, na nimeona anayeilipa akiachwa ailipe peke yake. Ukimjua mtu aliyesema "ni mimi niliyekosea" wakati angeweza kunyamaza, usitosheke na kumsifu. Nenda ukakae naye, ule chakula chake, na wiki inayofuata urudi tena, maana sifa huisha upesi na jioni za mtu huyo ni ndefu.