Diski ya Watoto, Kutoka Goma hadi Lubumbashi

Sikuondoka Goma kwa kukimbia risasi. Risasi zilikuwa zimekwisha kupita mtaani kwetu, na mimi nilikuwa bado nipo. Niliondoka kwa sababu siku mji ulipoanguka mikononi mwa waasi watu walivunja ofisi yetu wakabeba seva pamoja na viti, mapazia na birika la chai.

Chama chetu kilikuwa kikitafuta familia za watoto waliopotezana na wazazi wao katika vita vya mashariki. Jina la mtoto, mahali alipookotwa, picha yake, anayemtunza kwa sasa: yote yalikaa katika kanzidata ya programu ya PostgreSQL, na kuitunza ndiyo ilikuwa kazi yangu. Miezi michache kabla ya vita kufika mjini, tulikuwa tumeweka toleo jipya la programu hiyo lenye uwezo wa kutoa nakala za nyongeza. Unachukua nakala kamili mara moja, kisha kila siku unachukua yale tu yaliyobadilika. Kwa mtandao wa Goma uliokuwa ukizimika kila saa, kwetu hiyo ilikuwa baraka. Nakala kamili, kubwa kwa sababu ya picha, tuliipeleka kwa ndege ofisi ya Lubumbashi. Zile ndogo za kila siku nilikuwa nazo mimi, katika diski ya kuingia mfukoni.

Uzuri huo una ubaya wake. Nakala za nyongeza peke yake hazifai kitu. Bila ile kamili, nilikuwa nimebeba vipande vya ukurasa usiokuwepo. Nilipiga simu Lubumbashi hadi nikachoka, mkurugenzi wa huko hakupokea. Nikaishona diski ndani ya pindo la koti, nikaondoka.

Kigali hadi Tunduma. Uwanja wa ndege wa Goma ulikuwa umefungwa, basi nilivuka kwa miguu kwenda Gisenyi na kuzunguka kwa barabara: Rwanda, Tanzania yote ya magharibi, kisha Zambia. Raia wa nchi moja nilihitaji kupita nchi tatu za watu ili nifike upande wa pili wa nchi yangu. Ndani ya basi watu waliniuliza natoka wapi, nikisema Goma walinipa pole kwa huruma. Huruma yao ilinikera. Mama mmoja alinipa chungwa nikalikataa, na hadi tunafika Tunduma nilijionea aibu.

Kasumbalesa. Mpaka wa Zambia na Kongo ni foleni ya malori isiyo na mwisho na vumbi linaloingia mpaka kwenye meno. Afisa wa upande wetu alisoma karatasi zangu mara mbili, akalipapasa koti, mkono ukagota kwenye pindo.

“Weye unatoka Goma,” alisema. “Mu hii kintu muko nini?”

“Majina ya watoto waliopotea.”

“Batu ba Goma siku hizi banapita na mambo mingi. Tutaona.”

Alichana pindo kwa wembe, akachomeka diski kwenye kompyuta ya ofisi. Diski yangu ilikuwa imetayarishwa kwa Linux, kompyuta yake ilikuwa ya Windows, na kompyuta za namna hiyo zikikutana na diski zisiyoijua hutoa jibu moja: diski hii haisomeki, iformatiwe, yaani ifutwe yote. Yeye akasoma kwa sauti, kama mtu anayesoma agizo la mkubwa.

“Inasema inapashwa kuformater. Basi tufanye oui.”

Niliushika mkono wake juu ya kipanya kabla hajabonyeza hiyo “ndiyo”. Maisha yangu yote sikuwahi kumgusa mtu mwenye sare.

“Ukibonyeza hapo unawafuta wote,” nilimwambia. “Wana mama zao. Nifunge mimi, lakini usibonyeze.”

Alinitazama kama asiyeamini. Mwenzake, mwanamke aliyekuwa akigonga mihuri meza ya pili, aliuliza bila kuinua kichwa: “Batoto ba wapi?”

“Sake, Masisi, Goma mjini.”

Akaja, akachomoa waya, akanirudishia diski mkononi. “Mumuache,” alimwambia mwenzake. Sikumshukuru. Nilitoka nje nikakaa juu ya begi langu, nikalishona pindo upya.

Lubumbashi, mtaa wa Bel-Air. Nilipokelewa na Mama Masika, mfanyabiashara mzaliwa wa Butembo, kwetu Kivu, anayeuza maharage na vitenge kwa jumla. Tulifahamiana kupitia kanisa. Alinipa chumba, maji ya moto na bukari, ugali wa huko, kwa samaki, na hakuniuliza habari za Goma hata kidogo. Niliona ajabu, maana watu wote wa Kivu waliokuwa pale walikuwa hawaongei lingine.

Asubuhi, mtaa wa Golf. Ofisi yetu ilikuwa imehamia kwenye vila yenye bustani na jenereta. Mkurugenzi alinikaribisha vizuri, akaagiza kahawa. Nilimwomba nakala kamili ya Goma.

“Ah, madame,” alisema. “Serveur ilikuwa imejaa. Tulikuwa na bageni, site internet haikufunguka. Nikasema batoshe bintu bya zamani.”

“Mliondoa vitu gani vya zamani?”

“Mambo ya Goma. Goma ilishaisha.”

Kikombe kilikuwa mkononi mwangu. Nilikiweka chini polepole kwa sababu nilijua ningekirusha.

Niliomba kuiona seva mwenyewe, na ndani ya muda mfupi nikaelewa. Lubumbashi nayo ilikuwa ikipeleka mabadiliko yake Goma. Goma ilipozimika, seva hii haikuambiwa na mtu. Iliendelea kutunza kila badiliko, ikisubiri mwenzake arudi kulichukua, hadi diski yake ikajaa. Hili ni tatizo analolijua kila anayefanya kazi yetu. Amri ya mstari mmoja ingeiondoa ile nafasi ya kusubiri, iitwayo slot. Kuna hata mpangilio wa kuweka kikomo ili seva isijizibe yenyewe. Badala yake waliacha takataka, wakafuta watoto.

Nilirudi ofisini kwake nikamwambia hivyo, kwa maneno hayo. Aliniambia nimechoka na safari, nipumzike. Nilimwambia sikuja kupumzika. Aliinuka akafungua mlango.

Nje, karibu na jenereta, fundi wa seva alinifuata. Aliitwa Ilunga, injinia wa rika langu, na kwanza nilimgeuzia mgongo, maana kumbukumbu za seva zilionesha kwamba mkono uliofuta ulikuwa wake.

“Nilimwambia ya kama shida ni slot,” alisema. “Hakutaka kusikia. Alisimama nyuma yangu mpaka nikaeffacer.”

“Na wewe ukafuta.”

“Nikafuta. Lakini mbele ya kufuta nilifanya copie. Iko ku nyumba, Kipushi. Alikataza kintu kutoka mu bureau, njo maana nilinyamaza.”

Nilimuuliza kwa nini alijihatarisha.

“Mi vilevile nilikuwaka mutoto wa kupoteya,” alisema. “Kule Mitwaba, wakati wa vita. Batu balikimbia, mama upande yake, mi upande yangu. Hakukuwa muntu wa kuandika jina yangu.”

Kipushi. Tulikwenda siku hiyohiyo, barabara ya lami iliyochoka, malori ya mgodi yakitusukuma pembeni. Nyumbani kwa Ilunga tuliweka diski zote mbili, yangu na ile ya nakala yake, kwenye kompyuta yake. Tukaanza kwa kuhakiki, faili moja baada ya jingine. Nakala kamili ilikuwa nzima. Nakala za nyongeza zikapita, moja, nyingine, nyingine. Ya mwisho kabisa ikakataa.

Niliijua sababu. Niliichukua asubuhi ile mji ulipoanguka, umeme ukakatika kabla haijamalizika. Tulijaribu kila tulichokijua hadi Ilunga akaniambia kwa upole niache. Tukaunganisha zile zilizopona. Kanzidata ikawaka, na majina yakaanza kushuka kwenye skrini pamoja na picha. Ilunga alipiga makofi. Mimi nilikuwa nawafikiria walioandikwa siku ile ya mwisho, wamekaa sakafuni kwenye ofisi yetu, wakisubiri zamu. Wengine nilikuwa nimewapiga picha mwenyewe. Nilichukua karatasi nikaandika niliowakumbuka. Hawakuwa wengi.

Bel-Air tena. Mama Masika alikuwa mezani. Nilimwambia tumefaulu, isipokuwa siku ya mwisho. Alifuta meza iliyokuwa safi.

“Kuko mutoto wa marehemu dada yangu,” alisema. “Dieumerci. Jirani alikuwa anamuchunga kule Sake, na bakaachana mu njia. Niliogopa kukuuliza. Unisamehe.”

Nilifungua kompyuta aliyoniazima Ilunga, nikaandika jina na Sake. Akatokea mvulana mwenye shati la njano, macho makubwa. Alikuwa Bukavu, kwa familia ya muuguzi, na namba ya simu ilikuwepo. Mara ya kwanza haikuita. Mara ya pili sauti ya mwanaume ikajibu, kisha kukawa na kelele za nyumba, kisha sauti ndogo ikasema, “Mama mukubwa?” Mama Masika aliketi chini sakafuni, simu sikioni, akaanza kumuuliza kama anakula.

Nilitoka uani. Ningetakiwa kufurahi, nami nilifurahi, lakini hasira ilikuwa kubwa kuliko furaha. Mtoto yule alikuwa miongoni mwa “vitu vya zamani.”

Golf, mara ya mwisho. Mkurugenzi alisikia kwamba kanzidata imerudi, akaniita nioneshe kanzidata mbele ya wageni wake wafadhili. Alisimama akasifu uimara wa mfumo wetu. Ilipofika zamu yangu nilisema kwamba mfumo haukuwa imara, kwamba yeye aliamuru nakala pekee ifutwe, na kwamba Ilunga, aliyeiokoa, alifanya hivyo kwa kuvunja amri yake. Nilieleza kila hatua, kwa sauti ya chini. Wageni waliandika. Wiki iliyofuata Ilunga alifukuzwa, nami nikaondoka naye. Mkurugenzi bado ni mkurugenzi.

Sijarudi Goma; kwa sasa safari yangu imeishia Bel-Air, chumba cha nyuma cha ghala la Mama Masika, ambako Ilunga na mimi tunafanya kazi katikati ya magunia. Nakala moja iko hapa, nyingine mbali, na pale ambapo seva inasubiri mwenzake tumeweka kikomo. Nilichojifunza ni hiki: nakala ambayo hujawahi kuirudisha huna uhakika kama unayo, na mtu atakayekwambia kwamba mji wenu umeisha asipewe funguo za kitu chochote.

Kila Ijumaa tunachukua kompyuta tupu na kuirudishia kanzidata yote tangu mwanzo, kisha tunahesabu majina ya watoto. Hasira yangu haijapoa. Sitaki ipoe, maana ndiyo inayoniamsha kila Ijumaa.