Mtungi wa Masouda

Miaka thelathini na tatu Nasr bin Saeed alitengeneza mafriji na viyoyozi kule Ghala, mtaa wa Maskati, na vidole vyake viliijua kompresa mbovu kabla hajaifungua. Alizaliwa Unguja, akaja Maskati na wazazi wake akiwa na miaka tisa, akaingia karakana ya mjomba wake akiwa kijana na hakutoka tena. Alikuwa mtu wa maneno machache na chai nyingi.

Mwenye maneno alikuwa mkewe, Masouda, Mwenyezi Mungu amrehemu. Nyumba yao ya Hamriya iko kwenye kichochoro chembamba, na jirani wa mlango wa tatu ameweka sabili: tangi la chuma la maji ya baridi, ambalo watu huliweka nje ili thawabu ziwafikie maiti wao. Masouda aliliangalia miaka yote kwenye dirisha la jikoni. Mfagiaji wa barabara akija, mkono mmoja hushika gilasi, mwengine huziba uso, maana ubavuni mwa tangi, penye kompresa, hutoka upepo wa moto. Anakunywa mbio mbio, anakimbia.

"Baba Mazoon," alimwambia mumewe siku za mwisho za maradhi yake, "nikitangulia niwekee sabili. Lakini si kama ile, inampa mtu maji na kumchoma uso. Nataka mtu anywe huku ametulia."

"Nitakuwekea, inshallah."

"Fundi mzima wewe, usishindwe na maji."

Alifariki mwezi wa Shaaban. Nasr akakaa na ile ahadi kifuani. Baridi bila kompresa, bila gesi, aitoe wapi? Ikamjia ile mitungi ya udongo iliyokuwa ikitundikwa uani zamani. Mtungi usiopakwa kitu hutoa jasho, na jasho likikaushwa na upepo huondoka na joto la maji. Akatengeneza sanduku la mbao la vipande vilivyopishana, mtungi uning'inie ndani, na nyuma yake feni ndogo inayozungushwa na kibao cha umeme wa jua kilichoko juu ya paa.

"Fundi Nasr, umeamua kututia njaa?" wenzake wa karakana walimcheka. "Mtungi haujazwi gesi!"

"Haujazwi. Ndiyo raha yake."

Alitaka kutumia mtungi wa Masouda mwenyewe, ule aliowekea ndimu kavu. Khole, dada mkubwa wa marehemu, akakataa kata kata.

"Shemegi, ndugu yangu alikuwa mwanamke wa fahari. Umwekee mtungi wenye mabaka mlangoni, watu wapite waseme nini?"

Ukanunuliwa mpya wa Bahla, mji wa wafinyanzi. Wiki nzima Nasr aliujaribu. Nje joto la arubaini na mbili, ndani ya mtungi maji ya ishirini na nne. Alimpigia simu binti yake Mazoon kumpa habari, mwenyewe akicheka mpaka akakohoa. Sabili ikapangwa kufunguliwa Ijumaa, watu wakitoka msikitini. Lakini Khole alitia sharti. Kaka yao Hatem alikwishanunua tangi la chuma.

"Maji yakiwa vuguvugu Ijumaa, naleta la Hatem, na mjadala sitaki."

Alhamisi Nasr aliumwaga mtungi, akauacha uani ukauke, akaenda kazini. Usiku aliutundika na kuujaza gizani, bila kuutazama. Baada ya sala ya alfajiri akateremka, akatia mkono.

Maji yalikuwa vuguvugu, ya kuogeshea mtoto mchanga. Alfajiri zote yalikuwa ya baridi, hata feni ikiwa imesimama kwa kukosa jua. Akaupapasa mtungi kwa nje: mkavu, unateleza kama sahani. Akawasha taa. Ulikuwa unang'aa.

"Umeuona?" Khole aliingia na sinia la mandazi. "Jana nimekuja, hupo. Nimeupaka vanishi mara tatu! Masouda alipenda vitu vinavyong'aa."

Nasr alitaka kufoka. Kisha akaziona kucha za yule mama, bado zina vanishi pembeni, na macho yake yanasubiri kusifiwa.

"Mtungi umependeza, shemegi. Lakini umeuziba. Hauwezi tena kutoa jasho."

Khole akakaa kwenye kidaraja cha mlango, shela ikamwanguka begani. "Nimemharibia ndugu yangu thawabu zake."

"Thawabu ziko kwa Mwenyezi Mungu, haziingii vanishi. Inuka unisaidie kutoa zile ndimu."

Akauosha Khole mwenyewe ule mtungi wa zamani, kwa maji matupu, mara tatu. Saa moja asubuhi ukawa umeshatundikwa na kujazwa. Nasr akasema bismillahi, jua likaamsha feni. Hakukuwa na la kufanya tena ila kungoja. Alipokwenda kusali, Khole alibaki akiupapasa mtungi kila baada ya dakika chache, mpaka kiganja chake kikarudi na maji.

Wa kwanza kufika baada ya sala alikuwa yule mfagiaji. Nasr akamjazia gilasi. Akanywa, akanusa, akauliza kwa Kiarabu chake cha barabarani mbona maji yana harufu ya ndimu.

"Za mama mwenye nyumba hii," Nasr alimwambia. "Muombee dua."

"Baridi, baba. Baridi sana." Akaomba gilasi ya pili.

Nyuma ya mlango Khole akanong'ona, "Na mwezi wa saba, bahari ikileta unyevu, hilo jasho litakauka vipi?"

"Nitaweka mbele ya feni chembe za kunyonya unyevu, nizianike juani kila siku. Maji hayatakuwa baridi kama haya, shemegi, sikudanganyi. Lakini hayatamchoma mtu."

"Basi Hatem alirudishe tangi lake dukani. Na huo mtungi wangu wa vanishi?"

"Utie ndimu. Uweke sebuleni, ung'are."

Khole akacheka, kisha akamshika mkono wa kanzu. Mfagiaji alikuwa amemaliza kunywa na hakuondoka. Alivua kofia, akausogeza uso kwenye zile mbao zinazotoa upepo wa baridi, akafumba macho.

"Mwangalie," Khole alisema. "Ametulia."