Mke wa Sita wa Dereva Kuramochi

“Wanawake wote sita wa treni ile nimewaoa, na hakuna hata mmoja aliyenisumbua.”

Hayo aliyasema Kuramochi Mitsugu hadharani, kipaza sauti mkononi, kwenye sherehe ya duka la gemu za zamani la rafiki yake Nagase, pale Nipponbashi, Osaka. Bia ilikuwa imeshafanya kazi yake. Watu wakapiga makofi. Mkewe halisi, Sanae, aliyesimama karibu na sahani ya vitumbua vya pweza, naye akapiga makofi, taratibu, kama anayemshangilia mtoto wa jirani aliyeimba vibaya.

Treni yenyewe imo ndani ya gemu. Wewe ndiye kapteni, treni ni ya chuma, nje theluji tupu, na kikosi chako ni wanawake sita. Adui akija unapanga watu wako mraba kwa mraba, kama kwenye shogi, sataranji ya Kijapani, na ukikosea mmoja mnazikwa wote. Vita ikiisha treni inasimama kunywa maji, na hapo inaanza vita ya pili, ile ngumu. Mwanamke anakujia na swali. Majibu matatu yanatokea, na pembeni mshumaa wa kukuhesabia muda unaanza kuyeyuka. Jibu vizuri, kesho atapigana kama simba jike, na mwisho wa safari pengine mtaoana. Jibu ovyo, kesho atakosa shabaha akiwa hatua mbili kutoka kwa adui. Wanaume wengi wa rika la Kuramochi walijifunzia hapo kuongea na wanawake, na matokeo yake tunayaona.

Kuramochi mwenyewe ni dereva wa treni ya kweli, kwenye reli ndogo ya kusini mwa jiji. Madereva wa huko wana desturi moja: kila taa unainyooshea kidole na kuitaja kwa sauti, hata ukiwa peke yako. Taa ya kijani, nenda. Milango, imefungwa. Taa isiyojibiwa ni ajali. Ameifanya kazi hiyo tangu ujana mpaka imemwingia kwenye damu. Nyumbani huinyooshea pasi kidole na kuitangazia kwamba imezimwa. Siku ya harusi ya binti yao Chinatsu alisimama, akamnyooshea kidole mkwewe mbele ya wageni, akasema, “Bwana harusi, yupo.”

Sasa ukweli. Alikuwa ameoa watano. Wa sita, Shigure, mchochea makaa, alimshinda. Usiku wa kuamkia vita ya mwisho Shigure humjia kapteni akiwa na masizi usoni na kumuuliza swali moja. Kuramochi alishamjibu majibu yote matatu, kwa miaka na miaka, na kila mara mwanamke alisema, “Sawa, Kapteni,” akarudi kwenye tanuru lake. Angeweza kusoma jibu mtandaoni kama watu wengine. Alikataa. Alisema hiyo ni sawa na kutumiwa picha za harusi yako mwenyewe ambayo hukuhudhuria. Wala haikuwa tena habari ya kuoa. Kilichomwasha ni kutojua yule mwanamke alikuwa na neno gani mdomoni.

Nagase, ambaye hajawahi kuona jambo la watu akaliacha lipite, alimkamata palepale kwenye sherehe. Alimwambia Jumapili aje acheze kipande hicho mbele ya wateja. Akimwoa Shigure kama alivyodai, bango kubwa la Shigure lililoko ukutani ni lake bure. Wakigundua alidanganya, alinunue kwa bei iliyobandikwa. Kuramochi akacheka kwa sauti kubwa mno, akakubali.

Wiki nzima akitoka zamu alikaa mbele ya runinga. Jibu la kwanza, la pili, la tatu. Sawa, Kapteni. Sanae akiwa anakunja nguo akamuuliza huyu binti anataka nini hasa.

“Ningejua ningekuwa nimeshamwoa, mama.”

“Si ulisema umemwoa?”

Kuramochi akakazia macho skrini. Sanae akasema basi Jumapili anakwenda naye, anataka kumwona kwa karibu mwanamke aliyemshinda mume wake.

Jumapili duka lilijaa. Mapigano Kuramochi aliyamaliza kwa ustadi, maana hapo hakuna wa kumfundisha. Kisha treni ikasimama, theluji ikaanguka, Shigure akatokea na masizi yake.

“Kapteni, kesho tukivuka daraja, tutarudi?”

Tutarudi. Sijui. Nitakulinda. Mshumaa ukaanza kuyeyuka, na kidole cha Kuramochi kikainuka chenyewe, kama kilivyozoea.

“Baba Chinatsu,” Sanae akasema nyuma yake, kwa sauti ya chini. “Huyo si taa.”

Kidole kikasimama hewani.

“Siku niliyopata simu kwamba mama amefariki, ulinijibu nini?”

Hakumjibu kitu siku ile. Alikaa naye sakafuni mpaka chai ikapoa. Kuramochi akaiweka pedi ya gemu chini na kuukalia mkono wake wa kulia. Mshumaa ukapungua. Jasho likamtoka kama amepita taa nyekundu na abiria nyuma. Mshumaa ukazimika.

Shigure hakusema sawa. Alikaa chini, pembeni ya kapteni, akavua glavu.

“Wote waliniahidi,” alisema. “Wewe peke yako hujaniongopea.”

“Kumbe,” Kuramochi akasema, kwa sauti iliyosikika mpaka mlangoni. “Kumbe ndivyo anavyosema.”

Duka likapasuka kwa vicheko. Nagase akaegemea kaunta akifuta machozi.

“Bwana harusi! Mkeo wa miaka yote hiyo, leo ndiyo unamsikia sauti?”

“Nyamaza, Nagase,” Kuramochi akasema bila kugeuka. “Bado anaongea.”

Akasogea karibu na skrini. Sanae naye akavuta kiti, akaketi kando yake, na wawili hao wakamsikiliza mchochea makaa mpaka neno la mwisho.

Risiti ya Kuramochi siku hiyo: bango la Shigure, kona moja imechanika, yen elfu kumi na mbili.