Dishi la Ndalahwa na Wimbo wa Bernadeta

Kirumba nzima wanamjua Ndalahwa kwa jambo moja: hanunui kitu kabla hajakitesa. Akitaka ndala atazikunja, atazinusa, atazirudisha rafuni, kisha aende duka la pili akawasimulie uzuri wa zile za duka la kwanza. Ni mstaafu wa kiwanda kimoja cha Nyakato, na nafasi anayo. Sasa mtu wa namna hiyo ukimkabidhi kazi ya kuchagua televisheni ya waya au ya dishi, umejitafutia makubwa.

Aliyejitafutia ni mkewe, Bernadeta. Kwaya yao ilikuwa imekwenda kurekodiwa na kituo cha televisheni cha hapa mjini Mwanza, na yeye ndiye aliyepewa kusimama mbele na kuimba peke yake. Mama wa watu, miaka nenda rudi kajificha mstari wa nyuma, leo kapewa wimbo! Ila kipindi kingerushwa Jumapili asubuhi, saa ileile ambayo kwaya nzima iko kanisani kwenye misa ya pili. Na kituo chenyewe hakina mazoea ya kurudia.

"Baba Hellen, mimi sitaki makuu," alimwambia mumewe. "Nataka nijione nikiimba. Mara moja tu, roho yangu itulie."

"Hilo niachie mimi, Mama Hellen."

Naye akamwachia, masikini.

Ndalahwa alianza kwa Kishore, mwenye kampuni ya waya pale Nyamagana. Kishore alimweleza kwa upole kwamba waya ukishaingia ndani, mvua inyeshe, upepo uvume, picha ipo. Ndalahwa akauliza waya unapita wapi. Akaambiwa unapita juu ya mapaa, unazunguka mawe ya mlimani, unashuka mpaka kwake. Akauliza mawe gani. Akauliza fisi akiutafuna itakuwaje. Kishore akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akasema kwa uzoefu wake fisi bado hawajaleta malalamiko.

"Na unarekodi?"

"Hapana, mzee. Waya unaonyesha tu."

"Basi hamna kitu hapa," alisema Ndalahwa, akaondoka, kikombe cha chai cha mwenyeji kakiacha kitupu.

Akahamia kwa Revocatus, fundi dishi wa kule kwao Kirumba, kijana mwenye maneno. Baada ya shikamoo na marahaba, Revocatus akamwekea king'amuzi mezani. "Hiki, mzee, unakiamrisha siku na saa. Taa nyekundu ikiwaka, ujue kinarekodi. Hata ukiwa umelala, chenyewe kinarekodi."

Hata ukiwa umelala! Maneno hayo yalimwingia Ndalahwa kama pombe. Aliyapeleka kijiwe cha kahawa, akayarudia mpaka wenzake wakaanza kuhamisha vigoda. Hata Shamsha, jirani yao wa ukuta kwa ukuta, mama mpole mwenye waya wa Kishore, alipata somo lake.

"Jirani, mbona mnajisumbua?" Shamsha alimwambia. "Mama Hellen aombe ruhusa kanisani siku moja, aje aangalie kwangu."

"Shamsha, dada yangu, huo waya wako wa kuanikia nguo. Sisi tunazungumzia kurekodi."

Dishi likapandishwa. Ndalahwa alisimama chini akielekeza kushoto, kulia, juu kidogo, utadhani ndiye aliyerusha hiyo setilaiti. Kisha, bila kumwuliza mkewe, akaialika kwaya nzima ije baada ya misa, ijionee. Bernadeta akapika pilau tangu alfajiri, akaenda kanisani na harufu ya vitunguu mikononi. Ndalahwa hakwenda. Alisema anabaki kulinda mitambo, na kwamba Mungu ni mwelewa.

Kipindi kikaanza. Taa nyekundu ikawaka. Ndalahwa akavuta kiti karibu, akaikodolea macho ile taa. Kwaya ikajipanga kwenye kioo, Bernadeta akapiga hatua mbele, na hapo hapo huko ziwani kukanguruma.

Watu wa Mwanza tunaijua radi ya ziwa, haina mzaha. Na kwa Ndalahwa radi ina sheria: ikinguruma, plagi zote ukutani zinachomolewa, kioo cha kabati kinafunikwa khanga, na mwenye nguo nyekundu anaivua. Mzee alichomoa televisheni, akachomoa king'amuzi, akachomoa mpaka pasi ambayo iliungua mwaka juzi. Akafunika kioo. Akaingia chumbani, akakaa kitandani na mikono katikati ya magoti.

Radi ikanguruma, ikanung'unika, ikajiendea zake Ukerewe. Hata tone halikuanguka. Alipochomeka tena, kwenye kioo palikuwa na jamaa anasifia dawa ya kuogeshea ng'ombe.

Sasa unadhani aliingiwa na wasiwasi? Wasiwasi wa nini, wakati fundi kasema hata ukiwa umelala! Ndalahwa akavaa kaunda suti, akapanga viti.

Kwaya ikaja na sare zake, wengine wakakaa, wengine wakabanana mlangoni. Bernadeta hakukaa. Alisimama nyuma ya kochi, mikono kifuani, anatabasamu kama bibi harusi. Shamsha naye akaingia na sinia la kachori, akamkumbatia.

"Mama Hellen, umeniliza! Nimeangalia kwangu mwanzo mpaka mwisho. Ile radi nikaiambia, nguruma huko, mimi namsikiliza jirani yangu."

"Hiyo ni ya waya," Ndalahwa alisema. "Subirini muone ya dishi."

Akabonyeza rimoti. Kwaya ikajipanga. Vigelegele sebuleni! Bernadeta akapiga hatua mbele, akavuta pumzi, akafungua mdomo. Kioo kikawa cheusi. Ndalahwa akarudisha nyuma. Bernadeta akafungua mdomo, kioo kikawa cheusi. Mara ya tatu mtu mmoja wa sauti ya nne akacheka, akajifanya anakohoa.

Ndalahwa akampigia simu Revocatus, kwa sauti ya watu wote kusikia, ili mwizi aumbuliwe hadharani.

"Mzee, ulikizima?"

"Sikukizima. Nilichomoa tu. Kulikuwa na radi."

"Ulichomoa ukutani?"

"Si ulisema kinarekodi hata nikiwa nimelala!"

"Ukilala wewe, mzee. Sikusema nacho ukilaze."

Sebule ikapasuka kwa kicheko. Walicheka mpaka wanakwaya wa mlangoni wakashikana mabega. Bernadeta peke yake hakucheka. Machozi yalikuwa yanamtoka, na hakujisumbua kuyafuta.

"Haidhuru, Mama Hellen," Ndalahwa alisema, sasa jasho linamtiririka kwenye kaunda suti. "Sisi wenyewe si tunajua ulivyoimba. Uliimba vizuri sana."

"Niliimba vizuri?"

"Sana. Mimi shahidi."

Bernadeta akazunguka kochi, akaja kusimama mbele yake.

"Huo wimbo nimeuimba jikoni tangu masika," alisema. "Asubuhi nimeuimba, jioni nimeuimba, na wewe umekaa hapo hapo ulipo. Waimbie wageni mstari mmoja tu, Baba Hellen, na hili dishi nitalisahau."

Kicheko kikakatika. Watu wakamwangalia Ndalahwa, hata aliyekuwa akitafuna kachori akaacha. Mzee akamtazama mkewe, akaitazama kwaya, akamtazama Shamsha, ambaye alikuwa ameinamisha uso. Akatafuta neno moja la ule wimbo, neno lolote.

Hakuwa nalo.