Wiki ya Mto

Zipu. Hiyo ndiyo sauti iliyobaki masikioni mwake. Zipu ndefu ya begi la safari, iliyokwama katikati, palipong'oka meno mawili, ikavutwa kwa hasira, ikaendelea hadi mwisho. Mlango haukubamizwa, wala hakuna aliyeinua sauti. Mdogo wake alitoka na begi lake, siku ya tatu baada ya kumzika mama yao, na tangu hapo hawakusemezana tena. Miaka miwili ilikatika hivyo.

Kazini walimwita Bi Pasi. Alikuwa dobi wa nyumba moja ya wageni kwa miaka kumi na tisa, kwenye chumba cha nyuma kabisa, ukishapita jiko na stoo ya sabuni. Kulikuwa na mashine tatu, moja ikitembea sakafuni kila inapokamua, hata wakaizuia kwa matofali mawili. Shuka za vitanda vikubwa hukunjwa na watu wawili. Mwenzake wa kukunja naye aliitwa kwa jina la kazini, Kipaza, kwa sababu mama yule akisema jambo la siri chumbani, wageni wa ghorofa ya juu wanaitikia. Walishika ncha, wakakung'uta, wakasogeleana, mikono ikagusana, wakaachana. Bi Pasi aliwahi kuwaza kwamba hapo ndipo alipokaribiana na mtu kwa siku nzima: na Kipaza, mara mia na kitu, nukta moja moja. Shuka zake za nyumbani alizikunja peke yake, ncha mbili amezibana kwa kidevu.

Ugomvi wenyewe, ukiusimulia haraka, utaona mdogo. Mama yao aliugulia chumbani kwa Bi Pasi miezi saba. Mdogo wake, kitindamimba, mwalimu wa chekechea katika mji ulio safari ya kutwa nzima, alikuja kila likizo na kulia kila alipoondoka. Baada ya mazishi alimwomba dada yake kitu kimoja tu. Hakutaka nguo wala vyombo. Alitaka mto aliokuwa akilalia mama, mto wa zamani wa sufi, kwa sababu ulikuwa na harufu ya nywele zake. Bi Pasi akamwambia, "Utaupata, wako huo." Kesho yake mdogo mtu aliamka akaukuta mto kwenye kamba ya nguo, unachuruzika maji, mweupe pee, unanukia sabuni.

"Umemfua mama," alisema.

Bi Pasi akaenda kuukamua mto pembeni, maji yakamwagikia miguuni. Yeye ndiye aliyewafokea wasichana wapya kazini: foronya hufuliwa, mto wa sufi hauguswi na maji, huanikwa juani ukapigwapigwa, basi. Ukiulowesha sufi hugandamana ikawa mabonge. Hilo mdogo wake alilijua pia, kwa kulisikia mezani miaka yote. Ndiyo maana aliona kwamba limefanywa kwa makusudi.

Aliyewakutanisha tena, kama huko ni kukutana, ni binti wa kaka yao. Alikuja siku moja kumwona shangazi yake, akaichukua simu mkononi mwake bila kuomba.

"Shangazi, nakutia kwenye kundi. Linaitwa Jicho la Wiki. Kila Jumatatu kiongozi wetu, tunamwita Mpiga Picha, anatoa neno, nanyi mnatafuta picha ya neno hilo. Mnatuma, mnaandika mstari mmoja chini. Basi."

"Mimi na picha wapi na wapi? Hata ya kitambulisho nilifumba macho."

"Hupigwi wewe, unapiga wewe."

Kisha, akijifanya anatafuta viatu vyake, aliongeza, "Shangazi mdogo naye yumo."

Bi Pasi akasema kama hajasikia, "Hiyo picha inatiwaje humo, basi?"

Neno la kwanza lilikuwa *mlango*. La pili, *kivuli*. Kwa *wawili wawili* alipiga ndala zake mwenyewe, kwa kuwa ndani mle hakikuwapo kingine chenye mwenzake. Kwa *mvuke* alipiga pasi kubwa ya kazini, na Mpiga Picha akaandika, "Bi Pasi una jicho." Alilisoma neno hilo kwenye foleni ya maji na nyumbani, mpaka akalikariri na kituo chake.

Lakini hayo hayakuwa yaliyomweka kwenye kundi. Lililomweka ni kwamba ukibonyeza picha yako na kuishikilia, simu inakuonyesha majina ya walioiona. Jina la mdogo wake halikukosa hata wiki moja. Kila picha aliiona, mapema asubuhi, labda kabla watoto hawajaingia darasani. Hakuandika kitu. Naye Bi Pasi alizitazama za mdogo wake: viti vidogo vimepangwa, kikombe chenye jino la mtoto, kalamu za rangi zilizotafunwa. Alitamani kuandika, *umekonda, hata kivuli chako kimekonda*. Akaandika, akafuta. Wakawa wanaonana hivyo, kila mmoja akimpitia mwenzake mlangoni bila kubisha hodi.

Ndipo ikafika Jumatatu ya neno *mto*.

Mpiga Picha hakuwa mtu wa maelezo. Aliandika neno lenyewe, akaweka nukta. Bi Pasi alilisoma akiwa amesimama mbele ya rundo la mito thelathini na mbili ya vyumba vya ghorofa ya pili, inayosubiri foronya safi. Wazo halikumpeleka popote pengine. Miaka kumi na tisa, neno hilo kwake lilikuwa na kazi moja.

Alifikiri: mdogo wangu naye amelisoma.

Angeweza kupiga mto wowote katika ile thelathini na mbili, na wiki ikapita. Siku mbili alijiambia hivyo. Siku ya tatu, ambayo ilikuwa yake ya mapumziko, alipanda juu ya kiti, akateremsha kutoka juu ya kabati mto uliofungwa kwenye mfuko wa plastiki. Akautoa foronya. Akauweka kwenye kiti hicho hicho karibu na dirisha, saa nne asubuhi, jua linaingia ubavuni, na kila bonge la sufi likatupa kivuli chake kidogo. Alipiga picha moja. Chini akaandika: *Mto wa mama. Niliufua.*

Kidole kilikaa juu ya kitufe mpaka kioo kikazimika. Akakiwasha, akatuma.

Hadi jioni mito ilikuwa imejaa kwenye kundi: mto wa kahawia baada ya mvua, mto na daraja lake, mto wenye ng'ombe, mto uliokauka umebaki mawe. Mito ya maji, yote.

"Bi Pasi, sisi tumeleta maji, wewe umetuletea usingizi!" aliandika mmoja.

"Huo ukifurika tunazama kwenye pamba," akaandika mwingine, na nyuso za kucheka zikamiminika.

Bi Pasi alikaa kitandani, masikio yakimuwaka moto. Kwanza aliona aibu ya kutoelewa. Kisha hofu ikaja kubwa kuliko aibu, kwa kuwa alielewa jinsi mdogo wake atakavyoiona picha ile: katikati ya maji ya watu wote, dada yake amekwenda kuutoa mto ule, mto wao, akauanika tena hadharani. Alibonyeza apate kuifuta. Alikuwa amechelewa. Jina lilikuwapo kwenye orodha ya walioiona.

Simu ikalia. Binti wa kaka yake.

"Shangazi, usiifute."

"Wananicheka."

"Waache wacheke, mto si ni mto? Kamusi ipo upande wako."

"Si hao ninaowaogopa, mwanangu."

"Najua," alisema. "Usiifute tu."

Wiki ile mdogo wake hakutuma picha. Ilikuwa mara ya kwanza. Ijumaa haikuja, Jumamosi asubuhi haikuja. Kazini Bi Pasi alikunja shuka ncha zisilingane, hata Kipaza akashusha mikono.

"We mama, leo unakunja au unatega samaki?"

"Shika, tuanze upya."

"Tumeanza upya mara tatu. Kuna nini?"

"Hakuna kitu."

"Hicho hakuna kitu kina uso mrefu."

Ndipo simu ikatikisika kwenye mfuko wa aproni. Alilitazama jina, akamwachia Kipaza shuka nzima mikononi, akatoka hadi uani, penye kamba za nguo.

"Dada," ilisema simu.

Miaka miwili hakuna mtu aliyemwita hivyo kwa maana yake. Ilimbidi ashike nguzo ya kamba.

"Abee."

"Wenzako wameleta mito, wewe umeleta mto."

"Si ndio walioutaka?"

"Mto wa maji, dada."

"Nimeshajua. Kundi zima limenifundisha."

Mdogo wake alicheka kile kicheko chake cha puani, akakikatisha njiani.

"Nilipoiona nilidhani unanichokoza. Nikasema, huyu hata kidogo hanihurumii. Halafu nikairudia. Nimeitazama siku tatu zote. Mto una mabonge."

"Una mabonge, ndiyo."

"Wewe, dada! Wewe mwenye kujua kuliko wote. Ulikuwaje?"

Bi Pasi alitazama shuka zilizopangana kwenye kamba, nyeupe, hazina mtu.

"Tulipotoka makaburini sikujua mikono niiweke wapi," alisema. "Miezi saba ilikuwa na kazi. Kumgeuza, kumfuta, kumnywesha. Nikaingia chumbani, hakuna wa kumgeuza. Nikaanza kufua. Nilifua kila nilichokigusa. Nakuja kushtuka, mto umo kwenye beseni."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulisema nimemfua mama. Nikaona umesema kweli, nikakosa la kuongeza."

Upande wa pili ililia kengele ya baiskeli, mbali.

"Likizo inaanza wiki ijayo," mdogo wake alisema mwishowe. Sauti yake ilikuwa imekuwa ya mtoto. "Sijapanga kwenda popote. Niambie kweli, dada. Umekauka sasa, miaka miwili. Sabuni imeshatoka. Bado una harufu yake? Hata kidogo, kwenye mshono, pembeni? Kama ipo nitakuja."

Jibu la kumleta lilikuwa neno moja. Lilikuwa tayari ulimini: *ipo*. Angekuja, angelala kitanda kimoja naye kama zamani, wangekunja shuka watu wawili. Kipaza alichungulia mlangoni amekumbatia shuka, akaona uso wa mwenzake, akarudi ndani.

Bi Pasi aliisogeza simu karibu na mdomo, akasema polepole, kwa sauti ndogo hata upepo wa kamba ulikuwa mkubwa kuliko yeye:

"Haunuki kitu, mdogo wangu. Hata mimi nimemtafuta humo, simpati."