Siku nilipoonyesha Karuba ndani ya plasma

Hata leo nikikutana na muntu wa Mubi, anacheka kwanza ndipo ananisalimia, na mimi najua anacheka nini, basi afadhali niwaelezee mwenyewe kuliko muisikie kwa wenye kuongeza chumvi (na chumvi walishaongeza, kuna wanaosema nilibusu kioo, kioo sikukibusu).

Ilikuwa miaka ile ya vita. Tulikuwa tumekimbia Karuba, njia ikatutupa hadi Mubi, kule porini kwenye barabara ya machimbo, sisi watu wa vilima na baridi, watu wa ng'ombe na viazi, tukajikuta mahali ambapo ukiinua macho unaona miti, na nyuma ya miti, miti tena. Kwetu nilikuwa nafundisha shule ya msingi, na Mubi pia nilipata darasa, kwa hiyo wote waliniita Mwalimu, na hilo jina njo lilinitia mu matata.

Papa Kambale, muchuuzi wa kutoka Butembo mwenye duka karibu na soko, alileta televizyo ya plasma, pana kama mulango, ya namna ambayo Mubi ilikuwa haijaiona. Wanaume walioiteremsha kwenye lori waliishika wima muda wote kama wamebeba sanamu ya kanisa, maana ilisemekana ukiilaza inaweza kuharibika. Muteja alikuwepo tayari, papa mumoja mwenye buvette, baa ndogo, kule Walikale, aliyetaka kuonyesha watu mipira, ila alisema hanunui mpaka aione inawaka na aelezewe uzuri wake na ubaya wake. Karatasi za plasma zilikuwa za Kifaransa. Papa Kambale akanifuata shuleni.

"Mwalimu, kuya utusomee tu."

Laiti ningesoma tu.

Siku ya soko, muchana wenyewe, plasma ikawekwa kwenye barza ya duka, jenereta ikaanza kunguruma, na nusu ya Mubi ikaja. Nilivaa koti langu la pekee. Nikasoma vizuri, nikatafsiri vizuri, mpaka yule muteja akauliza, "Na tele ya kawaida, tofauti iko gani?" Karatasi hazikusema, na mimi, badala ya kujibu sijui, nikachukua telekomande, ile rimoti yake, nikasimama mbele ya watu wote na kuanza kuisahihisha plasma kama mutihani wa mwanafunzi. Rangi, nzuri sana. Weusi wake ni weusi wa kweli, si kijivu. Ukikaa pembeni picha haipotei (nikawaamuru watu wa kulia wasogee kulia zaidi, wakasogea mpaka wengine wakatumbukia mu mufereji). Mupira ukipigwa kwa nguvu hauburuti mukia. Ubaya: nzito, inapata joto kama jiko, na inakula umeme bila huruma. Watu walinisikiliza kuliko wanavyosikiliza mahubiri, na hapo nikanogewa.

Papa Kambale akaweka CD iliyokuja pamoja nayo, ya kuonyesha ubora wa picha. Maua yakapita, samaki wakapita, halafu vikaja vilima.

Sijui niseme namna gani. Vilima vya majani mabichi, kimoja nyuma ya kingine, ukungu umelala mu bonde, ng'ombe wanakula wametulia, na kijia kinachopinda hivi kabla ya kupanda, kama chetu. Uzuri na ubaya wa plasma nikavisahau.

"Hii iko Karuba," nikasema.

Sikuwa nafanya muchezo. Mama Sifa, jirani yetu wa kule, tuliyekimbia pamoja naye na ambaye tangu njiani hakuwa musemaji tena, akapenya mu watu hadi mbele.

"Mwalimu, iko kwetu?"

"Iko kwetu, Mama."

"Na nyumba yangu iko wapi?"

Na mimi nikaweka kidole juu ya kioo, kioo cha moto kabisa. "Barabara ya Mushaki njo hii. Unapita hapa, unapanda, nyuma ya hii miti njo kwako."

"Bamerudisha ng'ombe," akasema polepole, maana zetu zilichukuliwa mu vita.

Nyuma yetu wakimbizi wenzetu wa upande wetu wa Masisi walianza kusukumana, huyu anaona shamba la baba yake, yule anaona kisima, mama mumoja ameanzisha wimbo wa kanisa, hata muteja wa Walikale akavua kofia.

Halafu picha ikageuka. Nyuma ya vilima kukatokea milima myeupe ya theluji, na mbele yake muzee wa kizungu mwenye kofia ya manyoya, anapuliza baragumu refu kama muti wa mikaratusi, mudomo wa baragumu umelala chini kwenye majani.

Dereva mumoja wa pikipiki akauliza kwa heshima kabisa, "Mwalimu, na huyu papa iko jirani yenu wa upande gani?"

Kicheko kilichopanda pale sijakisikia tena. Nikarudi nyuma nijifiche, muguu ukanasa kwenye waya, plasma ikazimika, na mimi nikaanguka miguuni pa muteja na telekomande mukononi. Uso wangu ulikuwa umelowa machozi, na sikujua tangu saa ngapi.

Plasma, muteja aliinunua. Alisema, kama picha inaweza kumuharibu mwalimu akili namna hii, wapenda mupira itawamaliza. Kuanzia hapo wanafunzi wakiniona walikunja mikono wakapuliza baragumu.

Lakini niliyemuogopa ni Mama Sifa. Kesho yake, kutoka misa, akanifuata, nikaanza kumuomba musamaha, akanikata.

"Nilijua kabla yako, Mwalimu. Ng'ombe zile zilivaa kengele. Ya kwetu ilivaa kengele siku gani?"

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Barabara uliisema vizuri. Iseme tena."

Tukakaa kwenye ukuta wa kanisa nikaisema, kutoka Mushaki, kila kona, na yeye akanirekebisha pale niliporuka mito bila kuitaja.

Tangu siku ile nimeapa, nikiitwa kuangalia televizyo ya muntu, nasema iko kubwa, iko nzito, nakaa nyuma. Muntu mwenye hamu ya kwao asisimamishwe mbele ya watu kueleza picha. Mama Sifa aliendelea kuja kila baada ya misa, na kila mara alitaka tuanzie Mushaki.